Fungate ya Bama

Mimi na Gerishon tulikwenda fungate Bama siku ya Jumamosi, tukarudi Ruiru kabla ya kafyu.

Usicheke kwanza. Mwaka ule wa hamsini na tano Mkikuyu hakuweza kutoka Ruiru kwenda Thika kununua chumvi bila pasi, sembuse kuvuka bahari. Lakini Gerishon alikuwa ameniahidi Bama tangu siku za uchumba, na mimi si mwanamke wa kusahau ahadi.

Wenzangu walichumbiwa kwa mbuzi na maneno matamu. Mimi nilichumbiwa kwa Bama. Gerishon alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, na kila Jumapili baada ya kanisa alinisindikiza akinisimulia nchi hiyo ya Asia, ambako Waingereza waliwapeleka vijana wetu kupigana na Wajapani wakati wa vita vya Hitla. Risasi hakuzisimulia. Alisimulia milima iliyovaa msitu hadi kileleni na mapango ambamo watawa wa huko hukaa kimya mwaka mzima. Alisimulia mahekalu yenye vichwa vya dhahabu, na kisiwa cha Siloni ambako meli ilitia nanga, minazi imeinamia maji na mchanga mweupe kama unga wa ngano. "Tukioana nitakupeleka ukaone," alikuwa akisema. Wavulana wengine waliongea habari ya ng'ombe wa baba zao. Nikamchukua mwenye bahari.

Tukaoana. Hali ya hatari ya serikali dhidi ya wapiganaji wa msituni nayo ikatubana, tukahamishiwa kijiji kipya kando ya shamba, nyumba zimepangwa kama meno na handaki limezunguka pande zote. Hata kuni tulikwenda kuokota tukiwa na askari nyuma. Gerishon alipoona nimeanza kununa, akaomba pasi ya siku moja, akaandikisha sababu kuwa ni picha ya harusi, tukaenda Thika kwa Kimeu.

Kimeu alikuwa Mkamba mwenye studio ya mabati nyuma ya maduka. Alipiga picha, na mapazia ya kuweka nyuma ya watu aliyachora mwenyewe. Gerishon alikuwa amempitia mara kadhaa alipopeleka kahawa Thika, akamweleza kila kitu: mlima ukae hivi, pango liwe pale, hekalu liwe na kichwa kama kitunguu. Nilipoingia nikayakuta mapazia matatu yananingoja. Nakiri kwamba moyo uliniruka. Hakuna mtu aliyewahi kunichorea kitu, sembuse nchi nzima.

"Vaeni makoti," Kimeu akasema mbele ya pazia la mlima. "Huko juu iko baridi. Wewe bwana, nyoosha kidole, onyesha bibi yako mlima. Wazungu wakitembea hufanya hivyo."

Gerishon akanyoosha kidole. Mimi niligeuka kutazama alipoelekeza. Ulikuwa mlima mpana, mgongo wake umeinuka taratibu, na njia nyembamba ikipanda hadi kwenye tundu jeusi la pango. Chini yake maji yaliporomoka.

"Huu mlima nimewahi kuuona," nikasema.

"Umeuona kwa hadithi zangu," Gerishon akajibu haraka. "Tazama mbele."

Kwenye pazia la hekalu Kimeu alitwambia tuvue viatu, maana pazia lilishuka hadi sakafuni na rangi ilikuwa bado mbichi. "Hata kule tulivua," Gerishon akasema, na uso wake ukawa wa mtu anayekumbuka. Kisha tukaenda kisiwani. Kimeu alimwaga karai la mchanga wa mto Chania chini ya minazi yake, nikafungua kitambaa cha kichwa, nikachovya miguu mchangani na kutabasamu kama mke wa gavana. Tukarudi nyumbani tumeshikana mikono hadi tulipoona geti la kijiji.

Picha zilipokuwa tayari, Gerishon alizitia fremu akazitundika ukutani. Wanawake wakawa wanakuja kuzitazama wakisingizia kuomba moto. Jirani yangu Ngendo alisimama mbele ya hekalu akatingisha kichwa. "Na mzee wa kanisa akiuliza kwa nini mmevua viatu mbele ya sanamu?" Nikamwambia amwambie mzee wa kanisa kwamba rangi ilikuwa mbichi. Gerishon hakupenda jibu hilo. Yeye mbele ya wageni alishika kijiti, akaonyesha hapa na pale, na hadithi zikaanza upya.

Basi hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza kwa sikio lingine. Siku moja alisema meli ilimtapisha njia nzima hadi akatamani kufa. Wiki ile ile, akiwasimulia shemeji zake, alikuwa amekula samaki na kucheza karata kutoka Mombasa hadi Siloni bila hata kuumwa kichwa. Mvua ya Bama ilinyesha bila kukatika, kisha mara jua lilikuwa kali hadi dhahabu ya mahekalu ikaumiza macho. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Gerishon ilifika Asia na kurudi, kwa hiyo nikajiambia labda si uongo, labda ni usahaulifu.

Halafu akaja Absalom. Huyu alikuwa Mjaluo, msimamizi wa meza za kuanikia kahawa pale shambani, mtu mpole asiyeongea ila kwa sababu. Kila mtu alijua kwamba Absalom alikuwa askari na kwamba alifika Bama, ingawa yeye hakusimulia. Siku hiyo alipita kumwambia Gerishon habari ya trekta, akaona picha kupitia mlangoni.

"Hii ni wapi?" akaniuliza.

"Bama," nikasema. "Wewe si unaijua?"

Absalom aliitazama picha. Kisha akamtazama Gerishon kwa muda. "Aa," akasema. "Bama."

Gerishon akakumbuka ghafla kwamba trekta ilikuwa inavuja mafuta. Akatoka bila kofia.

Tangu siku hiyo, Absalom akija huku, Gerishon yuko kule. Walipokutana njiani nilimwona mume wangu akiinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mwanamke akiona hivyo anafikiri nini? Nilifikiri ambavyo mama yako au dada yako angefikiri. Nikajua kuna mwanamke. Gerishon ameacha mke Bama, pengine na mtoto, na Absalom ni shahidi. Nililala nikimtazama kisogo. Nilimpakulia chakula nikimtazama mikono. Akinisifu mchuzi, nilijiuliza ni nani mwingine aliyemsifia mchuzi. Nikitazama picha ya kisiwa, nilimwona yule mwanamke amesimama kwenye mchanga wangu.

Nilikuwa sijaamua nimuulize vipi, Muigai akatutangulia wote wawili.

Muigai alikuwa homugadi, askari mgambo wa serikali pale kijijini. Tulisoma naye katekisimu darasa moja, mimi na Gerishon na yeye, lakini akishavaa ile kofia alikuwa hakumbuki alisoma na nani. Yeye na wenzake walikuja asubuhi kusaka nyumba kwa nyumba, maana kulikuwa na habari kwamba watu wa msituni wamejificha Kilimambogo, ule mlima unaouona ukiwa Thika ukitazama upande wa Ukambani. Walichoma mikuki kwenye paa la nyasi, wakamwaga unga wangu. Kisha Muigai akasimama mbele ya picha ya mlima na kunyamaza. Kunyamaza kwa Muigai hakukuwa jambo jema.

"Huu ni mlima gani?" akauliza.

"Wa Bama," Gerishon akasema.

"Gerishon, usinifanye mtoto. Mimi nilichunga mbuzi ya mjomba wangu chini ya huu mlima. Hii ni Kilimambogo. Na hii maji ni ya Chania, nani hajui. Sasa hii njia inapanda inaenda kwa hii shimo, na wewe unaonyesha na kidole. Unaonyesha nani?"

Nilitazama picha ile kana kwamba naiona mara ya kwanza. Kweli, ilikuwa Kilimambogo. Mgongo ule ule ninaouona kila mawingu yakiondoka. Kimeu alizaliwa chini yake, hakuwahi kuona mlima mwingine kwa karibu, na alipoambiwa achore mlima, mkono wake ulichora huo. Maporomoko yalikuwa mwendo mfupi kutoka mlangoni pake.

"Ni Bama," Gerishon akarudia. "Mimi nilikuwa askari huko. Niulizeni chochote."

Muigai akazishusha picha zote tatu akaziweka kwapani, na Gerishon wakamfunga mikono. Geti lilipofungwa nyuma yao nilisikia wanawake wote wamenyamaza kwenye bomba la maji. Hakuna aliyenijia. Walikuwa wamezoea kuja kuomba moto, lakini mke wa mtu aliyekamatwa hana moto wa kuombwa.

Nilikimbilia posti ya polisi. Muigai alinikuta nje akaniambia, kwa sauti ya chini, ya rafiki, "Dada, Inspekta anataka mtu anajua Gerishon alikuwa Bama kweli. Ukileta huyo mtu, maneno itaisha." Sikuipenda sauti hiyo ya chini. Lakini ningefanya nini? Nilipigiwa muhuri kwenye pasi yangu, nikaenda shambani kwa Absalom. Hata kama angeniambia jina la yule mwanamke na idadi ya watoto, nilikuwa tayari kulimeza. Nilitaka tu aseme kwamba Gerishon alikuwa Bama.

Absalom alikuwa akigeuza kahawa kwenye meza. Nikamweleza yote. Hakuacha kugeuza.

"Mama," akasema, "bwana yako hakufika Bama."

"Nani alikuambia?"

"Yeye alikuwa Gilgil, kwa stoo ya blanketi ya jeshi. Wakati sisi tunaenda vita, yeye alinipatia blanketi. Wakati tulirudi, mimi nilimrudishia hiyo blanketi kwa mkono yake. Wengine walipewa zenye matundu. Yangu ilikuwa mzuri, sikusahau uso yake."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye maganda ya kahawa. "Na mahekalu? Na kisiwa?"

"Kila mtu alirudisha blanketi, aliulizwa, 'Umeona nini huko?' Alipenda kuuliza sana. Hekalu ni mimi nilimwambia. Kisiwa, sijui ni nani." Hapo akaacha kazi na kunitazama. "Mlima hakuna mtu aliona vizuri, mama. Mimi niliona matope na mgongo ya mwenzangu mbele yangu."

Mtu anaweza kujiandaa kwa mke mwenza, akajiandaa hata kwa watoto wa nje. Mimi sikuwa nimejiandaa kwa blanketi. Nilichekea puani, kisha hasira ikanipanda hadi masikio yakawasha. Nilikuwa nimekubali kuolewa kwa macho ya watu wengine. Hata lile tabasamu la kisiwani nililitoa kwa ajili ya kitu alichokiona Mnyamwezi mmoja au Mchewa mmoja aliyekuwa anarudisha blanketi.

"Basi utamsaidia kwa uongo huo huo," nikamwambia Absalom. "Sema mlikuwa pamoja."

"Nikisema hivyo nimemzika." Akainama karibu. "Wewe unafikiri wanatafuta nani huko msituni? Wale wakubwa wao, wale wanajua kuvizia na kulala mvuani, ni watu walitoka Bama. Kila Mkikuyu alifika Bama sasa wanamwangalia. Yeye anasema 'nilikuwa Bama' akidhani inamtoa. Inampeleka kizuizini Manyani."

Ndiyo maana Muigai aliongea kwa sauti ya chini.

Tulikwenda posti sisi wawili. Inspekta alikuwa Mzungu mwembamba mwenye shingo iliyoungua jua, na picha zetu tatu zilikuwa zimelazwa mezani. Gerishon walimtoa nyuma. Mdomo wake ulikuwa umevimba na shati limechanika begani. Aliponiona alijiweka sawa, akajaribu kuficha bega.

Absalom akasema ukweli wote, kuanzia stoo hadi blanketi, bila kupamba. Muigai akakunja uso. Inspekta akamgeukia Gerishon.

"Wewe nasikia? Huyu nasema wewe hapana kwenda Bama. Wewe nasema nini?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilihitajika. Gerishon alimtazama Absalom, akatazama picha, kisha akanitazama mimi. Nikaona macho yake, nikajua atakalosema kabla hajafungua mdomo.

"Huyu ni mwongo," akasema. "Mimi nilikuwa Bama. Nilipanda milima. Niliingia hekalu bila viatu, tazama picha."

Inspekta akachukua kalamu. "Kama yeye mwenyewe nasema iko askari ya Bama, mimi nakataa namna gani?"

"Bwana," nikasema, "naomba kuongea na mume wangu."

Muigai akataka kunisukuma nje. Inspekta akainua kidole, pengine kwa udadisi tu, sijui. Nikamsogelea Gerishon hadi nikasikia harufu ya damu kwenye shati lake.

"Mimi nimechoka na Bama," nikamwambia. "Absalom amenieleza. Najua stoo, najua blanketi, najua kila kitu. Hakuna unachonificha tena hapa, kwa hiyo huo uongo unamlindia nani?"

Akatikisa kichwa. "Ukijua sikwenda," akanong'ona, "utabaki na nani?"

"Na mtu niliyekuwa natembea naye kutoka kanisani. Kama alikuwa anagawa blanketi, basi niliolewa na mgawa blanketi. Nimekasirika, Gerishon. Nitaendelea kukasirika hadi uchoke. Lakini nataka kumkasirikia mtu aliye nyumbani, si mtu aliye Manyani."

Kidevu chake kilitetemeka kama cha mtoto anayekataa kulia mbele ya wenzake. Kisha akamgeukia Inspekta, akasema kwa sauti ambayo ilinibidi nitege sikio kuisikia, "Gilgil, Bwana. Stoo ya blanketi. Hata Mombasa sijafika."

"Na hii mlima?"

Nilijibu mimi. "Bwana, mchoraji ni Mkamba wa Kilimambogo. Ameelezwa mlima na mtu ambaye hakuuona. Angechora upi?"

Inspekta alitazama picha, akamtazama Gerishon na kile kidole chake kilichonyooshwa kwa fahari, na akaanza kucheka. Muigai naye akacheka, maana mkubwa amecheka. Wakacheka hadi askari wa nje wakachungulia. Absalom alitazama sakafu. Nilitamani kumpiga kila aliyecheka mle ndani, mmoja mmoja, na baadaye kumpiga Gerishon. Mtu aliyekuwa amesimama wima kwa kipigo alikuwa sasa amejikunja, mabega yameshuka. Walimfungulia kamba hivyo hivyo wakicheka. Picha ya mlima wakabaki nayo. Hekalu na kisiwa wakaturudishia.

Absalom alituacha kwenye njia ya shamba. Gerishon alimpa mkono, na Absalom akaushika ule mkono kidogo kisha akaenda zake. Tukabaki wawili tukitembea kuelekea kijijini, yeye nyuma, mimi mbele na picha chini ya mkono. Nilisikia anavyoburuta mguu na nikapunguza mwendo, ingawa sikutaka ajue kwamba nimepunguza.

"Gilgil kukoje?" nikauliza bila kugeuka.

Pengine alidhani namdhihaki. "Baridi," akasema mwishowe. "Vumbi nyingi. Asubuhi blanketi zinanuka jasho ya watu hujawahi kuona."

"Nini kingine?"

"Karibu hapo kuna ziwa." Akanifikia, tukawa sambamba. "Lina ndege miguu mirefu, rangi yao ni kama nyekundu imeoshwa. Wamejaa mpaka huoni maji. Wakiruka, ni kama ziwa yote imeamka kwenda."

Nikasimama nikamtazama usoni, na mdomo ule uliovimba.

"Ndege wekundu," nikasema.

"Ndiyo."

"Wamefunika ziwa zima."

"Haki ya Mungu, Magdalene. Hiyo niliona kwa macho yangu."

Nilitangulia tena kuelekea getini, nikiwaza ni nani hapa Ruiru aliyewahi kufika Gilgil nikamuulize.